Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Chama cha Ngumi cha Mkoa: Tubandikie Karatasi za Majaji

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KARATASI ZA MAJAJI, FAINALI YA WANAWAKE KILO 54

Salaam za michezo. Natumaini u mzima na umeshapumzika baada ya pilika za Jumamosi. Ukumbi ulipendeza, fulana za kamati zilipendeza zaidi, na hotuba ya mgeni rasmi tuliisikiliza yote. Zilizobaki ni ngumi zenyewe, nazo ndizo zimenifanya nikuandikie hadharani, maana barua nilizoleta ofisini kwa mkono wangu hazijapata hata neno la "tumepokea".

Binti yangu wa klabu alikuwa kona nyekundu. Raundi ya kwanza ilikuwa ya mwenzake, sina ubishi. Raundi ya pili refa alimhesabia wa bluu hadi nane, kama anavyohesabiwa bondia aliyetikiswa. Ya tatu wa bluu alikuwa anakumbatia tu, akaonywa, akakumbatia tena. Kisha ukainuliwa mkono wa bluu. Ukumbi ulizomea, wakiwemo waliokuja kumshangilia huyo huyo aliyeshinda.

Kabla hujanituma nikasome kanuni, Ndugu Mwenyekiti, nimezisoma. Najua kwamba katika ngumi za ridhaa kuhesabiwa peke yake hakuleti pointi ya ziada kama kwenye ngumi za kulipwa. Najua jaji anatakiwa kutazama makonde safi, yaliyotua kwa vifundo mbele au pembeni mwa kichwa au kwenye kiwiliwili juu ya mkanda, na nani aliyetawala raundi kwa mbinu. Mshindi wa raundi anapata 10, aliyeshindwa 9, au 8 akizidiwa waziwazi. Ndiyo maana sikuuliza kwa nini. Niliomba kuona karatasi walizoandikia alama. Nikaambiwa karatasi ni mali ya chama. Nikalipa ada ya rufaa, risiti ninayo, na rufaa yangu ikajibiwa kwa mdomo, koridoni, na mtu ambaye hata kwenye kamati hayumo: "Kocha, zoea."

Sijazoea.

Ninyi mnaosafiri na timu mnajua historia hii kuliko mimi. Seoul, 1988, fainali ya Olimpiki: Roy Jones wa Marekani alitua makonde 86, Park Si-hun wa Korea Kusini akatua 32, na majaji watatu kati ya watano wakampa Park. Mmoja wa hao watatu alitoka Uganda, jirani zetu, kwa hiyo tusijidanganye kwamba aibu hii ni ya Wazungu. Baadaye Roy Jones huyo huyo akapewa tuzo ya bondia bora wa mashindano. Mwaka 2023 Park alimpelekea medali ile ya dhahabu kwa mkono wake. Miaka thelathini na mitano mtu anatembea na ushindi ambao mwenyewe haukumkaa rohoni! Majaji walimdhulumu hata yule waliyembeba.

Nakumbusha hayo kwa sababu kwenye mkutano mkuu ulituahidi mashine. Ulisema dawa ni kompyuta, tukapiga makofi, mimi nikiwemo. Basi dunia ilishaijaribu. Kuanzia Barcelona 1992 majaji walikaa na vitufe, na konde halikuhesabiwa mpaka watatu kati ya watano wabonyeze karibu kwa pamoja, ndani ya sekunde moja. Mabondia wakajifunza kugusagusa wapate alama, makonde ya mwilini yakawa kama hayapo. Mwaka 2012 London, Mjapani Satoshi Shimizu alimwangusha mpinzani wake mara sita katika raundi ya mwisho, na bado akatangazwa ameshindwa, 22 kwa 17, hadi rufaa ilipomwokoa. Rufaa, Ndugu Mwenyekiti. Ile iliyosikilizwa usiku huo huo, si ya koridoni. Mwaka 2013 vitufe vikaondolewa.

Wakarudi kwenye karatasi za 10, na Rio 2016 ikavuma tena. Waamuzi na majaji wote 36 waliofanya kazi Rio wakawekwa kando. Uchunguzi wa mwanasheria Richard McLaren uliotolewa 2021 ulieleza kwamba ufisadi ulianzia kwa wale waliokuwa wanachagua nani akae meza ipi, pambano gani. Hapo ndipo nilipojiuliza kuhusu Jumamosi yetu. Meza zilikuwa tano, waliokaa ni watatu. Mmoja wao amemnoa bondia wa bluu tangu hajui kufunga bandeji, kila mtu mjini analijua hilo. Ni nani aliyempangia meza ile?

Sisemi alikula hela. Nadhani, na hapa ni kudhani tu, tatizo ni dogo na la kusikitisha zaidi: posho ya jaji haitoshi hata nauli na chakula, kwa hiyo anayempa lifti na kumpeleka kwenye nyama choma jioni ndiye anayekumbukwa. Na sisi wa klabu ya chini ya mwembe hatuna gari wala nyama choma. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Glovu za klabu nimezinunua kwa mageti ya watu. Mwezi huu mke wangu ameniuliza kama hao mabondia nao watachangia kodi ya nyumba, na sikuwa na jibu.

Binti mwenyewe ana miaka 19. Baada ya pambano hakulia, ambalo lingekuwa afadhali. Aliniuliza kama yule promota wa ngumi za kulipwa bado ana namba yangu. Anayo. Ananipigia kila wiki, anataka kumpandisha binti ulingoni na mtu mwenye rekodi ndefu, kwa fedha ambayo haitamaliza hata matibabu ya jino. Mnalalamika kwenye redio kwamba vijana wanakimbilia kulipwa kabla hawajaiva. Wanawakimbia ninyi.

Kila hotuba yako inamtaja bondia wetu Yombayomba na dhahabu yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur 1998, na siku hizi umeongeza Mbundwike na Changalawe na shaba zao za michezo hiyo hiyo, Birmingham 2022. Vizuri. Lakini kwenye Olimpiki za Tokyo na Paris alama za kila jaji zilikuwa zinaonekana kwenye skrini kila raundi ikiisha. Hapa bondia anamaliza msimu hajui kama anapoteza kwa sababu ya mkono wa kushoto ulioshuka au kwa sababu ya lifti ya mtu.

Mheshimiwa, nilikuja na madai mengi: kozi kwa majaji, posho ya maana, marufuku ya kocha kumhukumu mwanafunzi wake, rufaa yenye tarehe. Nimeyafuta. Mashine pia sitaki tena, ibaki kwenye ahadi. Bandikeni karatasi za majaji mlangoni pa ukumbi, kila pambano, usiku huo huo, jina la jaji na alama zake raundi kwa raundi. Karatasi mnazo, gundi nitanunua mimi.

Anzeni na za Jumamosi. Kilo 54, wanawake.

Wako katika michezo,
Kocha, kona nyekundu

Nakala: Katibu wako, ambaye barua zilizotangulia anasema hajaziona.