Wanaochora majina kwenye majengo ya kale wabanwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma sana. Hivi mtu anapanda ndege, analipa kiingilio, anafika kwenye ukuta wa karibu miaka 2,000 halafu anatoa ufunguo mfukoni anachora jina lake na la mpenzi wake, ndo nini jamani? Mwaka 2023 mtalii mmoja alinaswa kwenye video akifanya hivyo hivyo pale Colosseum mjini Roma, baadae akaomba radhi eti hakujua jengo ni la kale kiasi kile. Hakujua! Na kiingilio alilipia nini?

Watu wanadhani inafutika tu. Haifutiki. Rangi ya spreya inaingia ndani ya vitundu vya jiwe, na mchoro wa ufunguo ukitaka kuuondoa lazima usage na jiwe lenyewe pembeni, yani unaharibu tena ili kutengeneza.

Italia 2024 wamepitisha sheria, faini inaweza kufika yuro 60,000, mi nawaunga mkono kabisa. Ila faini peke yake tajiri anailipa anacheka, kwahiyo waongeze na kazi ya kusafisha, ashike brashi siku nzima chini ya fundi mbele ya watalii wenzake, na alipe kabla hajapanda ndege maana akishafika kwao nani atamfuata? Akiwa mtoto walipe wazazi, si ndo waliokuwa wamesimama pembeni wanapiga picha.

Msomaji wenu