Mama alisema Amina

Shangazi, habari za huko. Nakuandikia kwenye ukurasa wako wa ushauri saa hizi majogoo wameshaanza na mimi sijafumba jicho, kwa hiyo ukikuta maneno yamerukana nivumilie, simu yenyewe kioo kimepasuka. Sijui hata nianzie wapi. Niseme tu kwamba mama alisema Amina. Hilo ndo limenifanya niandike, hayo mengine ya kanisa na mzee na gita ningeyameza kama nilivyomeza mengine.

Wewe unayajua makanisa yetu haya, sina haja ya kukueleza. Ni hili hili tulilokulia, ibada ya Kiswahili, maana baba alikuwa afande na sisi watoto wa baraksi Kiswahili ndo lugha ya nyumbani, Waganda wacheke wasicheke. Nimepiga gita kwenye timu ya sifa tangu nikiwa shule. Na miaka hiyo hiyo niko na bendi, tunapiga roki nzito, metali, ile ya kunguruma, na sijawahi kuificha kwa mtu. Mchungaji alijua. Timu ilijua. Mama alijua kuliko wote, nitakuja hapo.

Sasa kesha la Ijumaa mzee mmoja wa kanisa akasimama na simu mkononi. Kuna mtu katuma kwenye grupu la WhatsApp kipande cha video ya shoo yetu, mimi nimevaa nyeusi, taa nyekundu zinaniwaka usoni, mdomo wazi nanguruma. Hizo taa ni za mwenye baa Shangazi, zinawaka hivyo hivyo hata siku ya kareoke wakina mama wakiimba nyimbo za mapenzi. Mzee akasema kuna kijana wetu anamwimbia Bwana asubuhi na usiku anaimbia kuzimu. Jina hakutaja, lakini watu wote walishageuka kuniangalia. Akafungua Amosi, "Niondoleeni kelele za nyimbo zenu," akafunga Biblia. Mstari unaofuata hakuusoma, ule wa hukumu itelemke kama maji, na haki kama maji makuu. Amosi alikuwa anagombana na watu wanaowaonea maskini halafu wanakuja hekaluni kuimba vizuri, gita halikuwa shida yake. Lakini nani atamwambia mzee, na saa nane ya usiku, na kanisa lote limeshapandwa na moto wa maombi.

Alafu akasema wote waninyooshee mkono, roho ya giza initoke. Na maiki aliyoishika ni yangu. Naongea kweli, maiki na mikisa pale kanisani zimenunuliwa kwa pesa za shoo, nilizileta mwenyewe na boda nimezipakata, wakazipokea, wakaziombea, mzee yule yule akasema Mungu akuzidishie kijana. Hiyo siku pesa ya baa haikuwa na pepo.

Wakanyoosha mikono. Mama alikuwa mstari wa tatu, mahali pake pa siku zote karibu na nguzo. Naye akanyoosha. Mzee alivyomaliza kuomba wote wakasema Amina na mama akasema Amina, nilimwona mdomo, nilikuwa namwangalia yeye tu.

Utaniambia mama angefanya nini mbele za watu, ni mjane, wale ndo waliomzikia mume, hata ada ya shule ya mdogo wangu walishawahi kuchanga. Najua. Nimejiambia hayo yote usiku huu. Lakini Shangazi sikiliza kwanza.

Baba alivyofariki kanisa lilikuja likaimba nyimbo za ushindi, vizuri, sina ubaya nao, ila mimi sikuweza kulia wala kusali. Kila nikifungua mdomo hakuna kitu. Nikakuta Zaburi 88. Uiangalie ukipata muda, karibu zaburi zote za maombolezo mwishoni zinageuka zinamsifu Mungu lakini hiyo inaanza vibaya na inaishia gizani, hakuna pa kupumulia, na bado imewekwa ndani ya Biblia pamoja na zile nzuri. Nikalegeza nyuzi za gita mpaka zikawa nzito, nikaitungia muziki, na sauti pekee iliyofaa yale maneno ilikuwa ya kunguruma, maana mtu aliyezama haimbi kama kwaya. Nilikuwa nafanyia mazoezi kwenye kale kachumba ka nyuma, nimebandika treyi za mayai ukutani na godoro mlangoni ili majirani wasije wakaita askari. Siku moja mama akasukuma godoro akaingia. Nikajua leo nimekwisha. Akauliza unasema nini hapo, mbona sielewi. Nikamsomea ile zaburi taratibu, kwa Kiswahili, yote. Akakaa juu ya ampu, pale pale juu ya ampu, akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Akaniambia, "Mwanangu, hata mimi kusali kumenishinda, wewe piga tu." Akafunika uso na leso na mimi nikapiga.

Na ule wimbo ulio kwenye video ya mzee ndo huo. Huo huo Shangazi! Mama aliusikia ukitoka kwenye simu ya mzee, aliutambua, hawezi kusema hakuutambua. Na akasema Amina.

Mimi si mtu wa kujitetea sana lakini acha niseme hili. Hii kitu ya mtu aliyeokoka kupiga metali sikuianzisha mimi Kampala. Bendi ya Stryper wa Marekani walikuwa wanapiga tangu miaka ya 80, wamevaa manjano na nyeusi kama nyigu, wanawarushia watu Agano Jipya kutoka jukwaani, na Isaya 53:5 wameiandika kabisa chini ya jina la bendi, kwa kupigwa kwake sisi tumepona. Kuna Mortification wa Australia, hao walikuwa wananguruma kuliko mimi. Nicko McBrain, yule aliyepiga drams bendi ya Iron Maiden miaka mingi, aliokoka 1999 na hakutoka kwenye bendi kwa ajili hiyo. Brian Welch, mpiga gita wa bendi ya Korn, yeye aliokoka akatoka 2005, akakaa nje miaka, halafu 2013 akarudi, akiwa bado na Yesu wake. Yaani kuna aliyebaki, kuna aliyetoka akarudi, kila mtu na njia yake mbele za Mungu. Nilimwambia mzee haya kwa upole kabisa baada ya kesha, akanijibu hao ni wazungu. Sasa nikamwambia na gita je, na kinanda je, na suti uliyovaa je. Hapo labda nilipandisha sauti kidogo lakini si kwa dharau.

Na wazee wetu tangu ile fujo ya 2018, waziri wa maadili alivyotaka kuzuia lile tamasha la muziki la Nyege Nyege kule Jinja, kwao kila muziki wenye spika kubwa na vijana wamevaa ovyo ni kitu kimoja. Ukisema roki anasikia uasherati. Wakati shoo zetu hizo, watu ni wachache, wanaume wengi, wamekunja mikono wanatikisa kichwa. Hakuna hata anayecheza na msichana!

Halafu angalia wanaosema kelele ni akina nani. Bibi mzaa mama aliokoka kwenye uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa enzi za Simeoni Nsibambi, mmoja wa walioanzisha, alikuwa anatusimulia jinsi walokole walivyoonekana wendawazimu na kanisa lenyewe. Mwaka 1941 chuo cha wachungaji cha Mukono kilifukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwemo, walikuwa wanaamka gizani kusali na kuhubiri, wakaambiwa waache wakakataa. Hao ndo baba zetu wa imani. Na leo watoto wao wananiambia mimi nina kelele.

Upande wa bendi nako usidhani napumzika. Mpiga drams wetu Mwislamu, Ramadhani hatupigi tunamsubiri, hatuna shida, tunaheshimiana kuliko wengi. Mwenye gita la pili haamini chochote na ana mdomo. Kuna nyimbo za watu za kumsifu shetani, wengine wanaimba kwa mchezo tu wakitaka kutisha, mimi nilisema sitaimba hata kwa mchezo, na kwa hilo tuliwahi kukosa shoo nzuri. Walichora bango lenye msalaba kichwa chini, nikasema litoke au nitoke, likatoka, lakini wiki nzima hatukuongea. Wananiita Pasta. Wakimaliza wanaagiza bia, mimi na Mirinda yangu nafunga nyaya. Kwa hiyo bendini ninaambiwa naleta kanisa, kanisani ninaambiwa naleta baa. Lakini bendi angalau wananiambia usoni.

Mwezi uliopita baada ya shoo, nje pale kwenye bodaboda, kijana mmoja akanishika mkono, sijui jina, ameloa jasho, akaniuliza yale maneno ya ule wimbo wa mwisho umetoa wapi. Nikasema Zaburi 88. Akasema Biblia gani hiyo, nikamtafutia kwenye simu, akaisoma pale pale boda akipiga honi tuondoke, akasema kwani inaruhusiwa kumwambia Mungu hivi? Nikamwambia iko ndani, soma mwenyewe. Hajaja kanisani kwetu. Na angekuja Ijumaa ile angekuta nini. Mzee wa kanisa hajawahi kuulizwa swali kama hilo na mtu wa baa, naomba mnisamehe lakini ndo ukweli.

Sasa hapa ndo penyewe. Mchungaji aliniita Jumatatu. Yeye ni mpole, hajapayuka kama mzee. Kasema hawatanifukuza, ila nikae pembeni na gita kwa muda, na Jumapili hii inayokuja nisimame nitoe ushuhuda kwamba nimeuacha ule muziki na Bwana amenifungua, halafu mambo yaishe, nirudi kwenye timu. Eti maneno machache tu, tena akanipa na mfano wa maneno. Nikasema nitafikiri. Kufika nyumbani nakuta mama ameshaambiwa, ametoa gomesi, lile gauni lake la sikukuu, ameianika, anaimba jikoni. Hajaimba jikoni tangu baba. Kaniuliza Jumapili utavaa ile shati nyeupe? Mimi nikasema ndio. Kwa nini nilisema ndio sijui.

Kwa sababu Shangazi sijaacha. Tuna shoo Jumamosi usiku, usiku huo huo unaoamkia ushuhuda, na bendi wameshachukua kianzio na mimi nimeshakula sehemu yangu, nimelipia dawa za presha za mama nazo. Hajui. Anadhani ni pesa ya kufundisha watoto gita. Hilo nalo limenikaa kooni, yaani ametema muziki na kameza dawa yake, lakini sitaki kumwambia hivyo, mtu humwambii mama yake hivyo.

Nasimama vipi mbele za watu niseme Mungu amenifungua wakati hajanifunga? Ushuhuda kwetu si mchezo, tumefundishwa tangu utotoni kutembea nuruni, ukisema uongo pale mbele ni afadhali hata ungekaa baa. Nikikataa gomesi inarudi kabatini. Paulo anasema kama chakula kinamkosesha ndugu yake hatakula nyama milele, hilo andiko limenizungusha usiku wote, maana mama si ndugu tu, ni mama. Lakini Paulo hakusema adanganye kwamba nyama ilikuwa na pepo.

Nafasi ya timu siitaki tena, waichukue, wampe yule kijana anayejua kodi tatu tu za gita. Ingawa Jumapili iliyopita nilikaa nyuma nikasikia wanaanza wimbo kwenye ufunguo usiofaa na vidole vyangu vilikuwa vinajisogeza vyenyewe pajani, na wangeniita nadhani ningekimbia. Basi sijui.

Na sijamuuliza mama kuhusu ile Amina. Nimeingia jikoni mara nyingi na swali liko mdomoni, nikatoka na kikombe cha chai. Naogopa ataniambia hakuutambua wimbo. Naogopa zaidi atasema aliutambua.

Usinijibu kwamba niombe, ninaomba. Usinijibu niache metali pia, maana sitaacha, nakuambia mapema tusipotezeane muda. Niambie tu nimwambie nini mama kabla ya Jumapili, na kama mtu anaweza kusimama mbele akasema kitu kidogo cha kweli ambacho hakitamwaibisha, labda nisome ile zaburi tu bila gita, sijui watanikubalia, mchungaji labda, mzee hapana.

Jina usiweke wala mtaa. Mdogo wangu anasoma ukurasa wako kila wiki na huwa anamsomea mama kwa sauti akiwa anamenya matoke. Au acha, weka tu ilivyo, ila jibu kabla ya Jumamosi.