Barua kwa mwanangu aliyepata chumba Hall

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, mama yako naye kausoma, na sote tumeona ulivyovunjika moyo. Vyumba vya Innsbruck vimekushinda bei, umepata chumba Hall in Tirol, mji mdogo jirani katika jimbo la Tirol huko Austria, na sasa unasema umetupwa shamba wakati wenzako wanakaa mjini. Mimi nimeishi Hall nilipokuwa nasoma, wewe hujazaliwa, na leo ningeambiwa nichague kati ya miji hiyo miwili ningechukua Hall bila kusita. Kwa treni ni kama dakika kumi tu kufika kituo kikuu cha Innsbruck. Masafa si tatizo. Tatizo ni kwamba hujaambiwa ni mji gani unaokwenda kukaa, na hilo ni jukumu langu.

Anza na chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo iliyouzaa mji. Ukisimama uwanjani ukitazama kaskazini utaona milima mikali ya mawe ya kijivu, na katikati yake bonde linaloitwa Halltal. Ndani ya mlima ule mna chumvi, na watu waliifuata tangu karne ya 13. Handaki la Nikolaus von Rohrbach, fundi wa chumvi wa zama hizo, lilianza kuchimbwa 1272. Lakini usidhani walikuwa wakiivunja kwa sururu na kuibeba kwa magunia. Chumvi ya pale imechanganyika na udongo na mawe, hailiki ilivyo. Kwa hiyo walichimba vyumba ndani ya mlima, wakavijaza maji baridi ya kawaida, wakayaacha yailambe chumvi kutoka kwenye kuta na dari. Maji yakishashiba kabisa, hayawezi kuyeyusha hata punje moja zaidi, wakayafungulia yateremke. Yalipita kwenye mabomba ya magogo yaliyotobolewa katikati, kilomita kama kumi, mpaka chini mjini kando ya mto Inn. Huko yakachemshwa kwenye makarai ya chuma mapana kuliko ukumbi wetu, udongo wote ukiwa umebaki mlimani, na chumvi nyeupe ikatoka.

Kwetu jua ndilo linalokausha maji ya chumvi, bure. Wao ilibidi wapike. Maji yaliyoshiba chumvi huwa na chumvi kama robo tu ya uzito wake, kwa hiyo robo tatu nzima ya mzigo ule ilikuwa maji ya kufukuzwa kwa moto. Hebu fikiria kuni zilizohitajika. Miti ilikatwa juu kabisa kwenye mabonde ya Inn, ikatupwa mtoni ielee yenyewe, na pale Hall ukajengwa uzio wa magogo mtoni wa kuinasa. Misitu mingi imeingia kwenye makarai yale. Mto huohuo ndio ulioibeba biashara kwenda nje: vyombo vilianzia Hall, vikashuka Inn hadi Passau, vikaingia Danube mpaka Vienna, na wakati wa kurudi vikavutwa na farasi waliotembea ukingoni. Hall ikapewa hadhi ya mji 1303. Mgodi ulifungwa 1967, si zamani sana ukifikiri. Wazee wa pale niliokutana nao walikuwa na baba zao waliofanya kazi mlimani, na waliizungumzia kazi hiyo kwa fahari.

Sasa fedha. Bonde hilohilo, chini kidogo upande wa mashariki, uko mji wa Schwaz uliokuwa na machimbo makubwa ya fedha. Mtawala wa Tirol wakati huo, Sigismund, alikuwa na fedha tele na dhahabu kidogo. Mwaka 1477 akauhamisha mtambo wa kupiga sarafu kutoka mji wa Meran kuja Hall, na 1486 wakatoa kitu ambacho Ulaya ilikuwa haijakizoea: sarafu kubwa nzito ya fedha, karibu gramu 32, yenye thamani sawa na sarafu ya dhahabu. Hiyo ndiyo iliyofungua njia ya taler, sarafu kubwa za fedha, zote zilizofuata, na dola tunazozihesabu leo ni wajukuu wa ukoo huo.

Ukifika, nenda Burg Hasegg, ngome iliyo upande wa chini wa mji. Mtambo uliwekwa humo 1567, na sasa ni makumbusho. Tazama kwa makini mashine ya rola. Zamani sarafu zilipigwa moja moja, mtu na nyundo yake. Hall wao wakatumia nguvu ya maji kuzungusha rola mbili za chuma zilizochongwa picha, wakapitisha ukanda wa fedha katikati, ukatoka upande wa pili umejaa sura za sarafu zilizopangana, zikakatwa. Kuna jambo moja lililonifurahisha kuliko yote. Picha kwenye rola haichongwi duara. Inachongwa kwa umbo la yai kidogo, kwa sababu fedha ikipita inavutika, na ndipo sura inatoka duara kamili. Wewe unayesoma uhandisi utakaa hapo muda mrefu, najua. Mashine hizo zilisifika hata mfalme Philip wa Pili wa Hispania akaletewa za kwake pamoja na mafundi, zikasimikwa Segovia, hukohuko Hispania. Kisha panda mnara wa Münzerturm. Ngazi ni nyembamba na zinazunguka, lakini ukifika juu utaona paa zote za mji wa kale, na utajua kwa nini wanausifu kuwa mji wa kale mkubwa uliohifadhika vizuri kuliko yote ya Tirol ile ya kaskazini.

Na hapa nataka unisikilize vizuri. Ile reale ya fedha yenye kitanzi, iliyo kwenye mkufu wa bibi yako, ile yenye mwanamke mnene aliyejitanda ushungi, ni Maria Theresa wa Austria. Alipokuwa hai, sarafu zake zilipigwa Hall pia. Zile zenye mwaka 1780, mwaka aliokufa, zilianzia Günzburg na baadaye zikapigwa Vienna na kwingineko kwa miaka mingi sana bila kubadilishwa tarehe, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Omani na pwani yetu hawakutaka nyingine. Walihesabu hata lulu kwenye kifungo cha bega lake kabla ya kuipokea. Unguja wazee waliiita reale ya Sham. Kwa sarafu hizo zilinunuliwa karafuu na pembe, na walinunuliwa watu pia, hilo usilisahau unapoishika. Kwa hiyo usiniambie umetupwa mahali pasipohusiana nawe. Ukoo wa sarafu za bonde lile umeingia mpaka kwenye sanduku la bibi yako.

Mtambo wa Hall ulifungwa 1809, mwaka ambao Watirol wakiongozwa na Andreas Hofer waliwaasi Wabavaria wa Ujerumani, waliokuwa wakiwatawala, na Napoleon wa Ufaransa. Waasi waliwahi kupiga sarafu zao humo kabla mambo hayajawaharibikia. Ulifunguliwa tena 1975 kwa ajili ya sarafu za Olimpiki ya Innsbruck ya 1976.

Kanisa kubwa la uwanja wa juu ni la Mtakatifu Nikolaus. Ingia kwa adabu, kaa kimya, simama mlangoni utazame mbele: utaona madhabahu haiko sawa na mlango. Kanisa lilipanuliwa upande mmoja tu, likapinda. Kushoto kuna masalia, yaani mabaki ya watakatifu, aliyoyakusanya bwana mmoja wa zama hizo, Florian Waldauf, yakaletwa mjini 1501, yakiwemo mafuvu yaliyovikwa mapambo ya darizi. Mimi yalinitisha mwanzoni. Mnara wa kanisa si ule wa asili; wa kwanza uliangushwa na tetemeko la 1670.

Mji huo una doa pia, na ni afadhali ulisikie kwangu. Hall kuna hospitali ya wagonjwa wa akili tangu karne ya 19. Wakati wa Wanazi, kuanzia Desemba 1940, mamia ya wagonjwa walitolewa hapo, wengi wakapelekwa Hartheim, kituo cha mauaji karibu na mji wa Linz, wakauawa kwa gesi. Walikuwa watoto na wazazi wa watu. Ukipita nje ya hospitali hiyo, waombee.

Jumamosi asubuhi usilale. Wakulima huja na bidhaa zao uwanja wa juu. Nunua mkate wa rai, tufaha, na uonje jibini la kijivu, Graukäse. Linanuka vibaya mno na ni zuri mno, hasa likitiwa siki, mafuta na vitunguu. Ile nyama kavu nyekundu inayoning'inia, Speck, ni nguruwe, na huwa wanaitia hata kwenye maandazi ya supu, Knödel. Uliza kabla ya kuagiza. Hawakasiriki.

Kuna siku utaamka kichwa kinauma na hewa imepata joto ghafla katikati ya baridi. Huo ni upepo wa Föhn unaoshuka kutoka milima ya kusini. Si malaria. Kunywa maji, utapita. Na kiangazi kikifika, panda Halltal kwa miguu mpaka St. Magdalena, zamani nyumba ya watawa, sasa watu hula na kupumzika hapo. Usipande peke yako, na usipande baada ya mvua kubwa, mawe hushuka.

Pesa za koti nimemkabidhi shangazi yako, atazituma wiki hii. Nunua la kuzuia upepo, lisiwe la mapambo. Mama yako anakusalimu sana, na anauliza kama kodi ya chumba inahesabu pamoja gharama za kupasha nyumba joto au zitalipwa kando. Mjibu kabla hujasaini chochote.

Baba yako