Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: ardhi ipimwe kabla tingatinga halijaigusa

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mpima. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutangulia mitambo, mimi na kifaa cha kupimia vimo, kijana akinishikia fimbo yenye alama za vipimo, tukichukua sura ya ardhi kabla haijageuka barabara. Nina ombi moja, nalo liko ndani ya uwezo wako: mradi wowote usianze kuchimbwa mpaka mkandarasi na mhandisi msimamizi wawe wamepima pamoja ardhi ya asili na kutia saini vipimo hivyo.

Watu wakibishania unene wa lami, tunatoboa tundu na kupima. Wakibishania daraja, daraja liko palepale. Lakini kilima kikishachongwa na bonde likishajazwa, hakuna awezaye kurudi kupima ardhi ilivyokuwa. Maji yamekwisha mwagika. Malipo ya kazi ya udongo hutokana na tofauti ya nyuso mbili, ile ya awali na ile ya mwisho, na ukiikosa ya awali unalipa kwa kukisia.

Nimeyaona kwa macho yangu. Katika mradi mmoja, siku ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa, basi mitambo ikaingia na kukwangua njia kabla hatujafika na vifaa vyetu. Mkandarasi akadai ameondoa sentimita 40 za udongo wa juu wenye mizizi. Msimamizi akasema ni 15. Njia ilikuwa na upana wa mita 30, kwa hiyo ubishi wa sentimita 25 ulikuwa na maana ya mita za ujazo 7,500 kwa kila kilomita moja. Tulichimba vishimo pembeni, kwenye nyasi ambazo hazikuguswa, tukitafuta mizizi inaishia wapi. Kila kishimo kilitupa jibu lake. Nilisikitika sana, maana siku chache tu za kupima zingemaliza jambo lile kabla halijazaliwa.

Hesabu yenyewe nayo inahitaji jicho lako. Kwa kawaida tunapima mkato wa kukingama njia, yaani sura ya udongo kama njia ingekatwa kwa kisu toka ukingo hadi ukingo, kila baada ya mita 20, tunatafuta eneo la kila mkato, tunachukua wastani wa maeneo mawili jirani na kuuzidisha kwa umbali. Mkato wa mita za mraba 40 ukifuatiwa na wa 60, jibu ni mita za ujazo 1,000. Mikato ikifanana, njia hii inatosha kabisa. Tatizo liko pale chimbo linapokwisha, likipungua upana na kina kwa pamoja mpaka kuwa ncha. Kutoka mita za mraba 30 hadi sifuri katika umbali uleule wa mita 20, wastani utakupa mita za ujazo 300, ilhali udongo uliopo ni 200 tu. Dawa yake ni kupima mkato wa katikati pia: eneo lake, ambalo hapa ni 7.5, lizidishwe kwa nne, lijumlishwe na maeneo ya mwanzo na mwisho, jumla igawanywe kwa sita kisha izidishwe kwa umbali. Hapo 200 inatoka sawasawa. Barabara ya milimani ina ncha za namna hiyo nyingi mno.

Halafu kuna kuhesabu tipa, desturi ambayo naomba ikomeshwe kabisa kama msingi wa malipo. Udongo ukichimbwa huumuka, ukishindiliwa husinyaa. Chukua udongo unaoumuka kwa asilimia 25, na ambao ukishindiliwa hubaki asilimia 90 ya ulivyolala ardhini. Tuta la mita za ujazo 1,000 litahitaji kuchimbwa 1,111, na juu ya magari zitakuwa karibu 1,389, yaani safari 139 za tipa la mita za ujazo kumi. Ni udongo uleule, una namba tatu. Mkataba usiposema ni ipi inayolipwa, kila mtu atachagua inayompendeza. Mwamba ndio kinyume kabisa: ukilipuliwa, hata baada ya kushindiliwa bado huchukua nafasi kubwa kuliko ulipokuwa haujaguswa. Kwa hiyo viwango hivi vitoke maabara, kwa sampuli za njia hiyohiyo, visinakiliwe kutoka mradi mwingine.

Tukishapata namba sahihi, ndipo mchoro wa usafirishaji wa udongo unapokuwa na maana. Mstari wake hupanda penye kuchimba na kushuka penye kujaza, ukionyesha kilima kipi kilishe bonde lipi, na wapi ni nafuu kumwaga udongo na kuchota mwingine karibu. Mchoro huo uambatanishwe na zabuni, si kutengenezwa baadaye kuhalalisha safari zilizokwisha fanyika.

Najua utaambiwa droni zimerahisisha kila kitu. Zimesaidia sana, nami nazitumia. Ila kamera ya droni huona ncha ya majani, si udongo ulio chini yake, hivyo penye nyasi ndefu bado lazima mtu ashuke na fimbo.

Mheshimiwa, naomba agizo hili liingizwe kwenye mikataba ijayo, na tarehe ya uzinduzi ipangwe baada ya saini hizo mbili kupatikana.

Wako mtiifu,
Mpima wa barabara