Malalamiko kuhusu ukurasa wenu wa utafutaji wa mfumo na udhalilishaji uliofanywa na ofisa wenu

Kwa Meneja Mkuu,
Tawi la Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya mkataba wa matengenezo mnayafahamu kuliko mimi, kwa hiyo sitapoteza muda kuyaeleza. Ninalalamikia mambo mawili yasiyotenganishika: zana yenu ya kutengeneza vifurushi vya usakinishaji inaandika vibaya utafutaji wa rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo na programu zake), na tulipowaletea kosa hilo, ofisa wenu alitudhalilisha mbele ya mteja wetu.

Programu yetu ya kutunza hesabu za dawa hutegemea hifadhidata ya PostgreSQL. Kabla ya kunakili faili hata moja, kifurushi kinapaswa kuingia HKEY_LOCAL_MACHINE, tawi la rejista linalohusu kompyuta nzima, kufuata njia ya SOFTWARE\PostgreSQL\Installations hadi kwenye ufunguo wa toleo husika, kusoma thamani ya Base Directory (folda ilikosakinishwa) na kuiweka katika kigezo chetu cha PGDIR, ili sharti la usakinishaji liamue kama kazi iendelee au isimame. PostgreSQL ya biti 64 hujiandikisha katika upande wa biti 64 wa rejista. Ukurasa wa utafutaji wa mfumo katika zana yenu hauulizi upekuzi ufanyike upande upi. Katika safu ya Type ya RegLocator, jedwali la kifurushi linaloeleza utafutaji wa rejista, unaandika 2, ilhali Windows Installer, huduma ya Windows inayosakinisha vifurushi, hutaka ijumlishwe na 16 iwe 18. Pasipo hiyo 16, utafutaji unaelekezwa WOW6432Node, yaani upande wa biti 32, unarudi mikono mitupu, na mtumiaji ambaye PostgreSQL yake inafanya kazi tangu asubuhi anaambiwa kwamba hana.

Hayo tuliyaeleza katika kikao cha mtandaoni, mkuu wa TEHAMA wa hospitali tunayoihudumia akiwa anasikiliza. Ofisa wenu alishika skrini, akatazama kwa muda mfupi, kisha akasema mbele ya mteja wetu kwamba kompyuta ile haina PostgreSQL na kwamba aliyetengeneza kifurushi hajui anachokifanya. Akakata mawasiliano. Tulipolifungua ombi letu la msaada tulikuta limekwisha kufungwa, limeandikwa "kosa la mtumiaji".

Na huyo ndiye aliyekuwa ametupotosha kabla ya hapo. Kwanza alituelekeza tuondoe sharti la usakinishaji, tukaishia na programu iliyowekwa kwenye kompyuta zisizo na hifadhidata yoyote ya kuihudumia. Halafu akataka tutumie DrLocator, jedwali la kutafuta folda na faili kwenye diski, na kuacha njia wazi, jambo linaloifanya Windows Installer ipekue diski zote za ndani za kompyuta, na wauguzi wakabaki wanaitazama skrini isiyosogea. Tulipomweleza kuwa hata tukitafuta faili kwa toleo, sharti la toleo la chini, MinVersion, hulinganisha pia lugha, kiasi kwamba toleo likiwa sawa na lugha ikatofautiana faili hukataliwa, na ndiyo maana maelekezo ya Microsoft yanashauri kuandika toleo pungufu kwa moja, alijibu kwamba hajawahi kusikia kitu kama hicho. Huyo ndiye mtu mliyemweka kuwahudumia wajenzi wa vifurushi.

Nalazimika kurudia tukio la kikao, kwa sababu ripoti yenu ya ndani bila shaka haionyeshi tulichokiona. Kushoto mwa skrini dirisha la huduma za Windows lilikuwa wazi, na mstari wa PostgreSQL ulisomeka wazi kwamba huduma inaendelea. Kulia ilikuwa kumbukumbu ya usakinishaji tuliyoitoa kwa amri ya msiexec na swichi ya /l*v, inayoandika kila hatua. Nilimsihi asome sehemu ya AppSearch tu, yaani kitendo cha utafutaji wenyewe: kitendo kimeanza, kimemalizika kwa thamani ya 1 (maana yake kimefanikiwa), na katikati hakuna mstari wa PROPERTY CHANGE unaoiongeza PGDIR. Maana yake ni kwamba utafutaji ulikwenda bila hitilafu ila ulitafuta mahali pasipo. Alipitisha kiteuzi juu ya mistari hiyo bila kusimama, akacheka, akaniambia, "Dogo, nenda kajifunze kwanza." Mkuu wa TEHAMA alinyamaza. Dogo! Mbele ya mtu anayenilipa, kutoka kwa mtu ninayemlipa.

Baada ya hapo tulilifungua jedwali wenyewe, tukabadilisha 2 kuwa 18 bila kugusa kitu kingine chochote, na kompyuta ile ile ikaiona PostgreSQL papo hapo. Hata hivyo kila tunapojenga kifurushi upya zana yenu inairudisha 2, na hospitali imezuia malipo ya awamu iliyobaki hadi kazi yetu ikaguliwe na watu wa nje.

Kwa hiyo naomba ukurasa huo urekebishwe, ombi letu lifunguliwe upya, maneno "kosa la mtumiaji" yafutwe, na hospitali iandikiwe barua ya kukiri kwamba hitilafu ilikuwa ya zana yenu. Naomba pia ofisa yule aombe radhi kwa maandishi. Nikitafakari hasara tuliyoipata, naona hayo hayatoshi: mturudishie ada yote ya matengenezo ya mwaka huu na mlipe gharama ya ukaguzi huo wa nje, maana ni ninyi mliousababisha. Matangazo yenu yanadai kwamba zana hii inamudu kompyuta za biti 64, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Mkikaa kimya, nitawasilisha kumbukumbu ile, jedwali la RegLocator na rekodi ya kikao kwa Tume ya Ushindani, na mwanasheria wetu atafungua madai bila kuwapa taarifa nyingine.

Nataka jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, likiwa na sahihi yako wewe Meneja. Jibu litakaloandikwa na ofisa yule sitalipokea.

Wako,
Mhandisi Mkuu wa Programu,
Dar es Salaam.