Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), inayosimamia yanayotangazwa redioni na kwenye televisheni: tusi mnalolisikia na mnalolipita

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi habari za kazi.

Naandika kutoka Chikongola, Mtwara mjini, kwenye chumba ambacho kuta zake nimezibandika trei za mayai na godoro kuukuu ili sauti isirudi. Hapa ndipo ninaporekodi vijana wa singeli na Bongo Fleva, na mara mojamoja wazee wa ngoma. Kabla ya hapo nilitangaza miaka sita, kipindi cha salamu cha jioni, kwenye redio moja ya huku kusini ambayo sitaitaja. Wao wananidai na mimi nawadai, tuyaache hayo.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili: masikio ya utangazaji wetu yamefundishwa kushika neno chafu, lakini dharau ikipita hayashtuki.

Mwaka wangu wa mwisho redioni nilipanda Newala na kinasa sauti, nikaenda kwa shangazi zangu upande wa Kitangari. Bibi kumi na mmoja walikusanyika chini ya mkorosho na ngoma zao. Nyimbo za ndani, za chumba cha mwali, hawakuniimbia. Nilipothubutu kuuliza, kungwi mmoja alinikazia macho mpaka nikazima mashine mwenyewe. Waliniimbia za nje tu, za siku ya kutoka mwali, zinazoimbwa uwanjani baba, mama na watoto wakisikia. Naomba ulishike hilo, Mheshimiwa. Wale bibi wana kamati yao ya maudhui, ya zamani kuliko yenu, na inajua nani asikie nini, wapi na saa ngapi.

Nikarudi mjini na nyimbo nne. Meneja wa vipindi, kijana mstaarabu tu, hajui Kimakonde hata salamu. Akaogopa. Akaagiza aitwe mlinzi wa getini, mzee wa Tandahimba, aje kutafsiri. Mzee alikaa na vile visikilizio vikubwa kichwani, akaanza kutikisa bega, akacheka, halafu akanyamaza kabisa. Mwisho akasema wimbo wa pili una neno linalotaja kiungo cha mwanamume. "Lakini si tusi, bwana mkubwa," akaongeza, "ni funzo." Wimbo unamwambia mwali kwamba mume asiyelima hafai kujivunia kile alichopewa na Mungu bure. Meneja alisikia neno "kiungo" tu. Nyimbo zote nne zikawekwa kapuni, hata ile inayohusu kisima.

Saa saba mchana wa siku hiyohiyo, redio hiyohiyo ikapiga kichekesho chake cha kila siku: mlinzi wa Kimakonde anayesema "ntu" na "nchele", anayeulizwa leo atakula nini naye anajibu panya. Hakuna aliyeitwa kutafsiri. Yule mzee alikuwa amesharudi getini, na kaspika ka nje kalikuwa juu ya kichwa chake.

Najua jibu litakalokuja: ni utani, watu wa kusini wameanza lini kukasirika? Mheshimiwa, utani naujua, nimelelewa ndani yake. Mtani wetu mmoja wa Masasi alikuja msibani kwa babu yangu, akalala mbele ya jeneza akidai hatuziki mtu mpaka tumlipe kuku. Tulicheka huku tunalia. Lakini mtani huyo alikesha nasi, akachimba kaburi, na mwaka uliofuata alipofiwa yeye tulikwenda kumfanyia vilevile. Utani una zamu. Mchekeshaji wa televisheni anayetufanyia utani kutoka Dar es Salaam sijawahi kumwona kwenye msiba wowote wa Newala, wala sisi hatuna kituo cha kumjibia.

Bibi mzaa mama alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti cha urembo wa Kimakonde, kwenye mdomo wa juu, na chale usoni. Kwa enzi yake huo ndio ulikuwa urembo, na alichumbiwa nao. Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye kibanda umiza cha Magomeni, tukisubiri mpira, ikawekwa filamu ya hapa nyumbani. Anaingia mwigizaji aliyebandika kifuniko cha soda mdomoni, uso umechorwa kwa mkaa, anatembea kama nyani. Kibanda kizima kilicheka, na mimi nilicheka, nakiri. Nilipotoka nje ndipo nilipomkumbuka bibi. Sikurudi kuangalia mpira, na Yanga walishinda.

Ukizitazama filamu zetu kwa jumla, mtu wa kusini ana kazi tatu: mlinzi, mganga, au mfanyakazi wa ndani asiyejua kutumia jiko la gesi. (Gesi yenyewe inachimbwa Mnazi Bay, hapa kwetu.) Rais wa awamu ya tatu, Benjamin Mkapa, alizaliwa Lupaso, Masasi, na kabla ya siasa alikuwa mhariri wa magazeti. Kwenye filamu hatujawahi kupewa hata uhariri wa gazeti la ukutani. Hata jina Machinga, ambalo nchi nzima inamwitia mchuuzi wa barabarani, ni jina la watu, Wamachinga wa Lindi. Wapo wanaolisimulia asili nyingine, lakini Wamachinga wapo, wana lugha yao na makaburi yao, na kila mgambo wa jiji anapofukuza "machinga" kwenye taarifa ya habari jina lao linapigwa rungu pamoja na wale wachuuzi.

Kuhusu hiyo "ntu" inayochekwa: Kiswahili cha pwani ya kusini kina lahaja yake, Kimgao, na Kilwa ilikuwa mji wa biashara wakati Dar es Salaam haijapewa jina. Mtu anayebana "m" ikawa "n" hajashindwa kusema. Anasema kama walivyosema waliomzaa.

Sasa tuje kwako. Kamati yako imewekwa kisheria, na meno mnayo. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa namna vilivyotangaza habari ya uchaguzi mdogo wa madiwani. Mwaka huohuo nyimbo kadhaa za Bongo Fleva zilifungiwa kwa mkupuo mmoja. Nilikuwa redioni bado. Wiki ile sikupokea simu hata moja ya kushukuru kwamba masikio yameokolewa. Niliombwa nyimbo hizohizo kuliko wakati wowote, na vijana wakawa wanarushiana kwa bluutuuthi pale stendi. Faini ya kulifanya kabila zima kuwa kichekesho, hiyo sijawahi kuisikia. Katiba yetu, ibara ya 12, inasema: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Sijaona pale palipoandikwa isipokuwa saa ya vichekesho.

Usinielewe vibaya. Sitaki mchekeshaji yeyote afungiwe. Mimi ni mtu wa studio, neno kufungiwa linaniumiza tumbo. Isitoshe, nimeona kufungia kunamwangukia nani. Msanii mwenye meneja na lebo anaimba habari za kitandani kwa mafumbo mepesi ambayo mtoto wa darasa la tatu anayafumbua, na wimbo unapigwa mchana kweupe. Kijana wangu wa Mikindani, ambaye hana hela ya kumpoza mtangazaji, akiimba mstari mmoja kuhusu bei ya korosho na mizani ya chama cha msingi cha ushirika, anaambiwa wimbo "una lugha kali". Woga wa faini umewapa mameneja wa vipindi kisingizio kizuri: wimbo usiolipiwa una matusi mpaka uthibitishwe vinginevyo.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere akihutubia kama Rais kwa mara ya kwanza, aliwasema wasomi wanaojua rumba na chachacha lakini hawajawahi hata kusikia gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo au lele mama. Sindimba, ngoma yetu ya viuno ya Kimakonde, haikutajwa siku ile, lakini baadaye ilichezwa kwenye majukwaa ya taifa, wageni wa serikali wakipigiwa. Viuno vilevile. Sijui ni lini viuno vya ikulu viligeuka kuwa matusi vilipofika kwenye redio ya wilaya.

Ninachokuomba hakihitaji sheria mpya. Wimbo wa lugha ya kabila unapotiliwa shaka, aulizwe anayeuimba, aeleze maana na mahali pake, kabla haujatupwa. Kama ni wa watu wazima, kanuni zenu zinatambua saa za usiku za watu wazima, basi upigwe usiku. Na malalamiko ya mtu aliyedharauliwa kabila lake yapokelewe mezani kwenu kwa uzito uleule wa malalamiko ya aliyesikia neno la chumbani. Kituo kiitwe, kiulizwe, kijieleze hadharani. Hata bila faini. Mchekeshaji akishindwa kueleza mbele ya watu kwa nini kifuniko cha soda kinachekesha, atatafuta kichekesho kingine, naye ana kipaji, atakipata.

Na siku mkija huku kwa semina, msiishie hotelini Shangani. Pandeni Newala. Kutoka mjini ni safari ya nusu siku mkisimama kununua korosho njiani.

Nyimbo zote nne nimezitia kwenye flashi, nazituma kwa posta pamoja na tafsiri yake, mstari kwa mstari, iliyosainiwa na kungwi mwenyewe kwa dole gumba. Neno lenyewe liko wimbo wa pili, mstari wa nne. Nimelipigia wino mwekundu ili msihangaike kulitafuta.

Mtangazaji wa zamani,
Chikongola, Mtwara