Kwako Somoe, kuhusu kitabu cha nne

Mikindani, Mtwara

Kwako rafiki yangu Somoe,

Salamu nyingi, na huku kwetu sote hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa heshima zote sikubaliani nawe. Unasema kwamba Tehanu, kitabu cha nne cha Ursula K. Le Guin kuhusu visiwa vya Earthsea, kimekuchosha kwa kuwa Ged, mchawi shujaa wa vitabu vya awali, amepoteza uwezo wake wa uchawi na safari za baharini zimekwisha. Kwangu mimi, hicho ndicho kitabu kinachovipita vyote vitatu vilivyokitangulia.

Mwandishi alikaa miaka 18 baada ya kitabu cha tatu, kilichotoka mwaka 1972, na aliporudi kusimulia habari za Gont, kimoja cha visiwa hivyo, alimweka mbele Tenar, mjane wa mkulima, anayemlea Therru, mtoto aliyetiwa motoni na watu wake mwenyewe. Msikilize mtoto huyo anapozungumza, Somoe: sauti yake imekwaruzwa na moshi, mkono mmoja umejikunja kwa kuungua, na bado Tenar anamshonea gauni jekundu kama mtoto mwingine yeyote. Hapo sikuhitaji uchawi wowote ili niendelee kusoma.

Halafu kuna Spark, mwana wa Tenar, anayerudi kutoka baharini, anakula, kisha anakataa kuondoa vyombo mezani kwa kuwa hiyo ni kazi ya wanawake. Na shamba ambalo mama yake amelihangaikia miaka yote ni lake, kwa sababu tu yeye ni mwanamume. Sisi tuliolelewa Umakondeni, ambako tangu enzi za mababu ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, tunawezaje kuupita ukurasa ule bila kukasirika? Mimi niliwafikiria wajane wa hapa wanaopalilia mikorosho yao wenyewe, nikakiweka kitabu chini kwa muda.

Nakubaliana nawe kuhusu mwisho. Aspen, yule mchawi mwovu, hakupewa nafasi ya kutosha kuwa mtu kamili, na joka Kalessin linakuja kumaliza kwa kurasa chache jambo lililojengwa polepole tangu mwanzo. Kasoro hiyo ni kubwa, ila haifuti yaliyotangulia.

Tafadhali kisome tena kuanzia kifo cha Ogion, mchawi mzee aliyekuwa mwalimu wa Ged, bila kumsubiri Ged wa zamani, kisha uniandikie.

Wako akupendaye,
Zuhura